UZI: Kusimamia watumishi kwenye wakala wa Serikali Dodoma: safari, PEPMIS, barua za kujieleza na mashauri yanayorudishwa na Tume ya Utumishi wa Umma

#1 Jalada la Wazi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni kwa wakuu wa vitengo, maofisa utumishi, viongozi wa matawi ya chama cha wafanyakazi na mtumishi yeyote wa wakala za Serikali, awe Mtumba makao makuu au ofisi ya wilaya Bahi, Chemba, Mpwapwa na kwingineko. Karibuni tuwekane sawa kwa vitu vinavyofanyika, maana nadharia za semina tumeshazisikia za kutosha.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge. Ukiufuatilia ugomvi wa ofisini mpaka kwenye shina lake, mara nyingi unakuta moja ya mambo mawili: nani anapata safari, na nani anabebeshwa kazi. Nidhamu huja baadaye, watu wakishachukiana. Na shauri la nidhamu linapokatiwa rufaa na kuanguka, huanguka kwa kilekile kilicholeta ugomvi: mambo yalisemwa kwa mdomo, hayakuandikwa.

Tuanze na safari, kwa sababu ndipo penye moto.

Kila kitengo kiwe na jedwali moja la safari. Safu zake: jina, cheo, kazi ya safari, kituo, idadi ya usiku wa kulala nje, chanzo cha fedha (matumizi ya kawaida, maendeleo au mradi), na tarehe taarifa ya safari ilipowasilishwa. Hesabu usiku, usihesabu safari. Aliyekwenda Kondoa usiku mmoja na aliyekwenda Kigoma usiku kumi wote wana "safari moja", na ukiwaambia wako sawa hawatakuelewa. Jedwali likae wazi kwenye kitengo na lipitiwe kila robo mwaka kwenye kikao.

Kigezo cha kumpanga mtu kiwe cha ngazi mbili tu. Kwanza, kazi hiyo inahitaji ujuzi gani? Kati ya wenye ujuzi huo, aende mwenye usiku wachache. Ikibidi kumrudia mtu yuleyule, mkuu wa kitengo aandike sentensi moja ya sababu kwenye dokezo la kuomba kibali cha safari. Sentensi hiyo huzuia minong'ono ya mwezi mzima.

Panapoharibika ni sehemu tatu. Ya kwanza, miradi inayokuja na majina tayari. Jibu ni kuwaandikia wenye mradi kwamba wataje fani na idadi, majina yatatoka kwa mkuu wa kitengo. Ya pili, madereva, waandishi waendesha ofisi na watunza kumbukumbu hawamo kabisa kwenye jedwali, kana kwamba si watumishi. Ya tatu, taarifa za safari haziwasilishwi, basi kitengo kinabaki na posho zilizolipwa bila kazi inayoonekana, na mkaguzi akifika anayejibu ni mkuu, msafiri hayupo.

Kipindi cha Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, kina tabu yake. Maswali ya wabunge yanaingia jioni, majibu yanatakiwa asubuhi, watu wanakesha. Orodha ya kikosi kazi iandikwe na kuidhinishwa KABLA kazi haijaanza, ikitaja kila mmoja anafanya nini. Kila usiku watu wasaini kuingia na kutoka. Orodha inayotengenezwa mwishoni ndiyo inayoota majina ya watu ambao hakuna aliyewaona, huku waliokesha wakikatwa kwa kisingizio cha bajeti.

Kazi za kawaida nazo zigawanywe kwa maandishi. Dokezo la mistari minne linatosha: kazi gani, ikikamilika kitaonekana kitu gani, lini, na nani anasaidia. "Shughulikia" peke yake kwenye jalada si mgawo wa kazi. Mtu akiulizwa baada ya wiki tatu atasema alikuwa anashughulikia, na atakuwa amesema kweli.

---

#2 Mnzuguni

Mkuu, umegusa penyewe. Naomba tuongeze kundi la WhatsApp la ofisi. Maelekezo yanatumwa saa nne usiku, asubuhi mtu anaulizwa mbona hajafanya. Saa za kazi zinajulikana, saa 1:30 asubuhi hadi 9:30 alasiri. Hapo msimamizi yuko sahihi?

La pili ni Ijumaa. Tangu treni ya SGR ianze kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, ofisi nyingine Ijumaa mchana zinabaki na walinzi. Familia nyingi bado ziko Dar. Hili linasimamiwaje bila kuonekana mkuu ana roho mbaya?

---

#3 Jalada la Wazi

WhatsApp itumike kuita watu, isitumike kugawa kazi. Ikitokea dharura ya kweli usiku, mpigie mhusika mmoja, umweleze, halafu asubuhi weka dokezo kwenye e-Ofisi (mfumo wa majalada ya kielektroniki) ili kazi iwe na kumbukumbu. Agizo lililotupwa kwenye kundi la watu arobaini halina mwenyewe. Kila mmoja anadhani ni la mwenzake. Na kumkemea mtumishi mbele ya kundi zima ni kosa la usimamizi hata kama amekosea kweli. Kemeo ni la faragha.

Kuhusu Ijumaa: kutoka nje ya kituo cha kazi siku ya kazi kunahitaji ruhusa, hilo halina mjadala. Lakini mkuu mwenye busara hasubiri saa sita mchana aanze kuhesabu viti vitupu. Anapanga zamu ya Ijumaa ya mwezi mzima: nani anabaki kaunta, nani anapokea barua masijala, nani anajibu simu za mikoani. Asiye zamu mwenye sababu anaomba ruhusa kwa maandishi kabla ya Alhamisi jioni, na saa hizo zinarekodiwa. Wanaobeba mzigo wa ruhusa za kimyakimya ni walewale wenye nyumba hapahapa Dodoma, Ilazo na Nkuhungu, kwa sababu "wao wapo tu". Hawa ndio wa kwanza kuvunjika moyo, na mkuu hawaoni kwa sababu hawalalamiki.

---

#4 Tange

Niingie kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa mtumishi, maana watu wanaichukulia kama fomu ya OPRAS, ile tathmini ya zamani ya karatasi, iliyohamia kwenye kompyuta. OPRAS ilianza 2004 na ikafia kwenye kabati: fomu zilijazwa Juni kwa ajili ya kupanda daraja, zikasainiwa siku moja zote. Mfumo mpya unaacha alama ya tarehe kwa kila unachofanya, kwa hiyo ujanja ule unaonekana.

Mambo ya kuangalia kwa msimamizi:

Kazi ya mtumishi itoke kwenye mpango wa taasisi wa mwaka wa fedha, Julai mosi hadi Juni 30. Ukiona mtumishi ameandika "kutekeleza majukumu mengine nitakayopangiwa" kama kazi kuu, mrudishie. Haipimiki. Badala ya "kusimamia mikataba" iwe "kukagua hati za madai ya wakandarasi na kutoa maoni ndani ya siku tano za kazi tangu kupokelewa". Hapo kuna kitu cha kupima, na mtumishi mwenyewe anajua mwisho wake.

Kazi ndogo ziwe fupi, zenye tarehe ya kuanza na kumaliza. Kazi ndogo moja ya miezi kumi na mbili haina maana yoyote, kwa sababu hadi Juni huwezi kusema imechelewa.

Msimamizi asiidhinishe kwa mafungu mwisho wa mwezi. Anayeidhinisha taarifa hamsini ndani ya dakika kumi hajasoma hata moja, na siku akitaka kusema mtumishi huyu ni mzembe, mfumo utatoa ushahidi kwamba yeye mwenyewe alikubali kazi zake zote. Hili limeangusha hoja nyingi za utendaji duni. Huwezi kumpa mtu alama za juu mwaka mzima halafu Julai umwandikie barua kwamba hafai.

Kitu kingine kinachosahaulika: mkuu akihama au mtumishi akibadilishiwa kitengo, msimamizi wake kwenye mfumo abadilishwe wiki hiyohiyo. La sivyo mtumishi anaripoti kwa mtu aliyeko Tabora, mkuu mpya haoni kitu, na mwisho wa mwaka mtumishi hana tathmini. Anayeumia ni yeye, maana tathmini inaangaliwa kwenye kupanda daraja.

---

#5 Tawi la Makole

Nondo nzuri, lakini upande wa wafanyakazi lazima tuseme. Maandishi mnayoyasifia yamegeuzwa fimbo. Kuna ofisi mtumishi anapewa barua ya kujieleza kwa kuchelewa dakika ishirini siku ambayo mvua imefunga barabara ya Ihumwa. Kesho nyingine kwa kutovaa beji. Wiki ijayo nyingine kwa "lugha isiyo na staha" bila kutajwa lugha yenyewe. Miezi miwili jalada la mtu limejaa, kisha anaambiwa ana rekodi mbaya. Huo ni uonevu uliovishwa utaratibu.

Wanachama wetu nawashauri hivi. Jibu kila barua, hata ya upuuzi, ndani ya muda uliotajwa. Jibu kwa hoja, bila kejeli, ukurasa mmoja. Ambatisha ushahidi: karatasi ya ED (ya daktari ya kukupumzisha kazi) kama uliugua, nakala ya ruhusa, picha ya ukurasa wa mfumo yenye tarehe. Hakikisha masijala wanagonga mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na nakala hiyo ikae nyumbani. Barua isiyojibiwa inasomwa kama kukiri.

---

#6 Jalada la Wazi

Nakubaliana na wewe, na nashukuru umesema. Barua ya kujieleza si hatua ya kwanza. Kwa makosa madogo, hatua ya kwanza ni mazungumzo ya ana kwa ana, mlango umefungwa, bila hasira. Mkuu aulize kwanza kuna nini kabla ya kusema anachotaka. Baada ya hapo aandike kumbukumbu fupi kwenye daftari lake: tarehe, tulizungumza nini, tumekubaliana nini, tutaangalia tena lini. Mtumishi aisome na aweke sahihi kama anakubali.

Kosa likijirudia lilelile baada ya muda mliokubaliana, sasa andika barua. Na barua moja iwe ya jambo moja: siku gani, saa ngapi, wapi, amefanya au ameacha kufanya nini, kinyume cha agizo au kanuni gani, na ajibu lini. Barua yenye maneno "tabia yako ya mara kwa mara" bila tarehe hata moja, afisa utumishi makini anapaswa kumrudishia mkuu wa kitengo kabla haijatoka. Hapo ndipo afisa utumishi anapowalinda wote wawili.

Akishajibu na jibu likaridhisha, mwandikie kwamba limepokelewa na jambo limefungwa. Wakuu wengi hukaa kimya. Ule ukimya ndio unaomfanya mtumishi aishi na hofu mwaka mzima akidhani kuna kitu kinapikwa.

---

#7 Sura 298

Tufike kwenye nidhamu yenyewe. Nitakaa hapa kwa urefu kidogo kwa sababu ndipo fedha ya umma inapopotea: mtumishi anafukuzwa, anashinda rufaa, anarudishwa kazini na stahiki zake zote, na kazi iliyoharibika haijatengenezwa.

Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, kifungu cha 23, inasema mtumishi hafukuzwi mpaka mambo matatu yafanyike: apewe mashtaka ya nidhamu, apewe nafasi ya haki ya kujibu, na ufanyike uchunguzi kwa mujibu wa kanuni. Matatu. Ukiruka moja umejenga nyumba bila msingi.

Makosa mepesi, yale ambayo mwisho wake ni onyo, karipio au kuzuiwa nyongeza ya mshahara, yana utaratibu mfupi. Makosa mazito, ambayo adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa kazi, kushushwa cheo au kupunguzwa mshahara, lazima yaende kwa taratibu rasmi. Kosa la kwanza la waajiri ni kuanza kwa utaratibu mfupi halafu, kwa hasira, kuishia na kufukuza.

Mtiririko wake:

Uchunguzi wa awali. Kabla ya kushtaki, kusanya ukweli. Mtu mmoja au wawili wanatosha, waandike taarifa yenye viambatisho. Hawa wasiwe ndio watakaokaa kwenye kamati ya uchunguzi baadaye, kwa sababu watakuwa wameshaamua.

Hati ya mashtaka pamoja na notisi. Zitolewe na mamlaka ya nidhamu yenyewe, ambayo kwa watumishi wengi wa wakala ni Mtendaji Mkuu. Mkurugenzi wa utawala au meneja wa wilaya akisaini kwa jina lake bila mamlaka hiyo, shauri limekufa kabla halijazaliwa. Kila kosa liwe na shtaka lake na maelezo yake. Mfano wa kubuni wa utoro:

"Kwamba wewe, ukiwa Fundi Sanifu uliyepangiwa ofisi ya wilaya ya Bahi, hukuwepo kazini bila ruhusa wala sababu ya msingi kuanzia Jumatatu tarehe 3 Machi 2025 hadi Jumatano tarehe 12 Machi 2025, siku nane za kazi mfululizo."

Linganisha na "umekuwa mtoro sugu kwa kipindi kirefu". La pili halijibiki, na shtaka lisilojibika halimpi mtu nafasi ya kujitetea. Utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa zito, hivyo hesabu ya siku iwe safi: ondoa sikukuu na wikiendi, ambatisha nakala ya daftari la mahudhurio au taarifa ya mashine ya alama za vidole iliyothibitishwa, na barua zote za kumtafuta.

Majibu yake. Soma kabla ya kuunda kamati. Kuna mashauri yanayoishia hapo kwa sababu mtumishi ametoa maelezo ya kweli: alilazwa, taarifa ilifika kwa mkuu, mkuu hakuipeleka.

Kamati ya uchunguzi. Iteuliwe kwa barua, wajumbe wasiwe wa cheo cha chini kuliko mtuhumiwa, wasiwe mashahidi wala walalamikaji. Mtuhumiwa aitwe, asikie ushahidi dhidi yake, awaulize mashahidi maswali, alete wa kwake. Kila swali na jibu liandikwe. Kamati inayomhoji mtuhumiwa peke yake, ikamtoa nje, kisha ikaita mashahidi, imefanya nusu ya kazi.

Uamuzi. Kamati inasema shtaka limethibitika au halikuthibitika, na kwa ushahidi upi. Anayeadhibu ni mamlaka ya nidhamu. Barua ya uamuzi itaje kila shtaka na matokeo yake, sababu, adhabu, tarehe ya kuanza, na haki ya kukata rufaa. Tarehe ya kufukuzwa isirudishwe nyuma. Na adhabu isitolewe mara mbili kwa kosa moja: ukishampa karipio kwa tukio lile, huwezi kulifufua baada ya miezi sita umfukuze nalo.

Mtumishi ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma tangu apokee uamuzi. Aliyepokea barua tarehe 10 Juni, siku yake ya mwisho ni 25 Julai. Ndiyo maana tarehe ya KUPOKEA ina uzito kuliko tarehe iliyoandikwa juu ya barua.

---

#8 Mnzuguni

Mkuu Sura 298, shukrani sana. Swali: kwa nini mtu asiende moja kwa moja CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)? Wengi huambiwa huko ni haraka.

---

#9 Sura 298

Kwa sababu ya kifungu cha 32A, kilichoongezwa kwenye sheria hiyo mwaka 2016. Mtumishi wa umma lazima kwanza amalize njia za ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma, yaani Tume, kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi. Anayekimbilia CMA anaweza kukaa huko mwaka mzima, ushindi akaupata, kisha ukafutwa ngazi za juu kwa kukosa mamlaka. Siku zake 45 zitakuwa zimekwisha zamani, na atalazimika kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Asiwasikilize wanaomwambia "wakala si serikali kuu". Wakala iliyoundwa chini ya Sheria ya Wakala za Serikali, Sura ya 245, ina watumishi wa umma.

---

#10 Meneja Wilaya

Wadau, haya yote ni ya makao makuu. Ofisi ya wilaya ina watumishi sita: meneja, mafundi wawili, mhasibu, dereva na mhudumu. Mtuhumiwa ni mhasibu, shahidi ni dereva, mlalamikaji ni meneja. Kamati itatoka wapi? Na ukimwandikia mtu barua, kesho mnapanda gari moja kwenda eneo la mradi, mnakaa humo saa tatu.

---

#11 Tange

Kamati haitoki kwako, Mkuu. Wewe unapeleka taarifa ya tukio na viambatisho kwa mamlaka ya nidhamu, na unaishia hapo. Wajumbe watatoka makao makuu au wilaya nyingine. Anayeweza kuja Manyoni akitokea Kongwa hana undugu wala ugomvi na mtu. Gharama yake ni usiku mbili tatu za posho, na hiyo ni ndogo kuliko mishahara ya mwaka mzima ya mtu aliyerudishwa kwa rufaa.

Taarifa yako itume mapema. Mtumishi akipotea, usikae nayo mwezi mzima ukimwonea huruma au ukimtafuta kwa simu tu. Siku ya pili mpigie na uandike muda wa simu. Siku ya tatu mtume mtu nyumbani kwake. Siku ya tano barua iwe imetoka kwenda anwani yake ya mwisho iliyopo kwenye jalada, na Afisa Utumishi awe na nakala kabla mishahara ya mwezi haijaandaliwa. Huruma ya kukaa kimya huishia kwa mtumishi kudaiwa mishahara ambayo hakuifanyia kazi.

Ofisi ndogo zina jambo moja zuri: unaweza kukaa na watu wako wote kila Jumatatu nusu saa. Fanya hivyo. Hoja tatu tu: wiki iliyopita nini kimekwama, wiki hii nani anafanya nini, gari linakwenda wapi. Gari ndilo linalogombanisha ofisi za wilaya kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo ratiba yake ibandikwe ukutani.

Na hilo la kupanda gari moja baada ya barua, halina dawa ya karatasi. Salimia kama kawaida, mpe kazi kama kawaida, usilizungumzie shauri njiani.

---

#12 Zabibu ya Hombolo

Naomba jambo moja lisipitwe. Kuna mabosi wanaodai ngono ili mtu athibitishwe kazini, apangiwe safari au apewe nafasi ya masomo. Hili si suala la "mahusiano kazini". Ni jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007.

Tatizo la mhanga ni ile "K.K." (kupitia kwa): barua yake inatakiwa ipitie kwa msimamizi, na msimamizi ndiye mtuhumiwa. Kwa jambo hili usipitishe kwake. Peleka malalamiko moja kwa moja kwa Mtendaji Mkuu kwa bahasha iliyofungwa yenye neno SIRI, kupitia masijala ya siri, au kamati ya uadilifu ya taasisi, au TAKUKURU kwa namba 113 ambayo haina malipo. Tunza jumbe zote bila kuzifuta, usizihariri, andika tarehe na mahali pa kila tukio siku hiyohiyo. Mwajiri akishapokea, kitu cha kwanza ni kubadilisha mstari wa usimamizi, na anayehamishwa asiwe mlalamikaji. Ofisi nyingi humhamisha binti kwenda wilayani "kwa usalama wake", na kwa macho ya wenzake anaonekana ndiye aliyeadhibiwa. Hapo hakuna mwingine atakayekuja kusema.

---

#13 Tawi la Makole

Asante sana Zabibu. Nami naongeza Baraza la Wafanyakazi, maana linadharauliwa. Mabaraza yapo tangu Agizo la Rais Namba 1 la mwaka 1970, na kwa utumishi wa umma yamewekewa nguvu na Sheria ya Majadiliano ya mwaka 2003. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka, na kimoja lazima kijadili bajeti kabla haijafungwa. Baraza linaloitwa Juni kusomewa bajeti iliyokwisha kupitishwa ni la kupiga picha.

Wajumbe wanaotoka kwenye vitengo wakusanye hoja wiki mbili kabla, kwa maandishi, zenye takwimu. "Watumishi wanadai stahiki" haiwezi kujibiwa. "Watumishi kumi na wanne wa ofisi za wilaya hawajalipwa nauli ya likizo ya zamu yao ya miaka miwili, orodha imeambatishwa" inajibiwa, na jibu linaingia kwenye muhtasari. Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo: lipi limetekelezwa, lipi bado, kwa nini, nani anahusika. Na suala la mtu mmoja mmoja, hasa shauri la nidhamu, lisiletwe barazani. Tawi litamsaidia kwa njia yake, ikiwemo kumsindikiza kwenye kamati.

Jedwali la usiku wa safari alilotaja mwanzisha uzi, tawi liliombe liwe sehemu ya taarifa ya utawala kila kikao. Nadhani likifanyika hilo tu, nusu ya manung'uniko yataisha.

---

#14 Tange

Haraka haraka, maswali yaliyokuja ujumbe wa ndani:

Kukaimu: haipaswi kuzidi miezi sita, na kwa nafasi za uongozi inahitaji kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi. Anayekaimishwa kwa mdomo hatalipwa posho ya kukaimu, na maamuzi yake yanaweza kuhojiwa. Omba barua siku ya kwanza.

Majaribio: miezi 12. Msimamizi aanze kuandaa taarifa mwezi wa tisa wa majaribio. Kama mtumishi ana upungufu, ajue mwezi wa tatu au wa nne, siyo wa kumi na mbili. Kuongezewa muda wa majaribio ni kwa barua yenye sababu.

Likizo: siku 28 kwa mwaka. Kitengo kiwe na ratiba ya mwaka mzima kufikia Julai, watu wasigombanie Desemba. Mwenye mtoto wa shule ya bweni na asiye naye wabadilishane mwaka hadi mwaka.

---

#15 Mnzuguni

La mwisho kwangu. Mtumishi akikataa kupokea hati ya mashtaka? Anasema "siisaini", anatoka.

---

#16 Sura 298

Asilazimishwe na asifokewe. Anayekabidhi aende na mtumishi mwingine mmoja, ikiwezekana asiye wa kitengo hicho. Amweleze kwamba kusaini ni kuthibitisha kupokea tu, si kukubali kosa. Wengi hukataa kwa kutolijua hilo, na wakielezwa husaini. Akikataa bado, andika palepale kwenye kitabu cha dispachi: tarehe, saa, mahali, maneno "amekataa kupokea", kisha wote wawili wasaini na kuandika vyeo vyao. Siku hiyohiyo tuma nakala kwa posta ya rejista au EMS kwenye anwani iliyopo kwenye jalada lake, utunze risiti, na uweke nakala nyingine kwenye e-Ofisi. Muda wa kujibu utahesabiwa kuanzia hapo. Muda ukiisha bila jibu, shauri linaendelea kwenye kamati, na kamati bado itamwita kwa barua nyingine: kutokujibu hakumwondolei haki ya kusikilizwa.